Wajibu wa mtabibu wa meno hospitali ya serikali na gharama anazopaswa kulipa mgonjwa: wana Kigoma tuwekane sawa

Mtoto wa Gungu (mleta mada)

Wakuu, mwakeye.

Naomba uzi huu tuujadili kwa utulivu, maana unagusa kila nyumba hapa mkoani. Nataka kujua mambo mawili. Mtabibu wa meno wa hospitali ya umma ana wajibu gani kwa mgonjwa aliyekaa kwenye kiti chake? Na huyo mgonjwa alipe nini, alipie wapi, apewe nini mkononi akishalipa?

Kilichonifanya nifungue uzi ni hiki. Mama mkwe wangu anaishi Nguruka na ameshavuka miaka sitini na tano. Shavu lilimvimba hadi jicho likawa halifunguki vizuri, akapanda treni kuja kwetu, nikampeleka hospitali moja ya umma. Sitaitaja, na naomba msinibembeleze niitaje, sitaki uzi ugeuke wa kumsaka mtu mmoja. Dirisha la wazee walimpokea vizuri sana, wakamwandikisha bila senti. Mambo yalibadilika chumba cha meno. Akaambiwa ganzi hakuna, atoe sh 20,000 "ya ganzi na glovu", palepale mkononi. Nilipouliza risiti nikaangaliwa kama mtu aliyetukana. Jino lililouma likang'olewa, na la pembeni yake nalo likang'olewa kwa kuwa "lilikuwa linatikisika". Mama hakuulizwa. Alipoinuka kwenye kiti ndipo akaona meno mawili kwenye sahani.

Wiki hiyohiyo mtoto wa jirani yangu, ana miaka tisa, amerudi nyumbani na pengo. Gego la chini, la utu uzima, lile linaloota mtoto akifika miaka sita. Lilikuwa na tundu dogo. Mama yake alilipia kung'oa, hakuambiwa na yeyote kwamba tundu lile lingeweza kuzibwa. Yule mtoto ana maisha yote mbele yake ya kutafuna upande mmoja.

Wenye ujuzi wa sheria, wa ustawi wa jamii, na nyinyi madaktari mliomo humu, tuelimisheni. Nawasilisha.

---

Mwanaujiji

Naunga mkono hoja. Mimi nilipigwa elfu kumi ya "pamba". Pamba, jamani.

---

Kasulu Mjini

Mkuu umenikumbusha machungu. Huku kwetu shida kubwa ni bei kubadilika. Ukienda asubuhi unatajiwa hii, jirani yako akienda mchana anatajiwa nyingine, jino ni lilelile gego na chumba ni kilekile. Ubaoni pale mapokezi kuna bei za kumuona daktari, za maabara, hadi za kulaza maiti. Za meno hazipo. Kwa nini meno tu ndiyo yasiandikwe?

---

Tabibu wa Ziwani

Habari zenu. Mimi ni tabibu meno, nimefanya kazi katika halmashauri mbili za mkoa huu. Nimesoma uzi mara mbili kabla ya kuandika. Nitasema ukweli wote, ule unaotuhusu sisi na ule unaowahusu waliotuweka huku.

Kwanza mjue nani ni nani, maana wengi mnatuita wote daktari. Kuna daktari wa meno, mwenye shahada, aliyesoma miaka mitano chuo kikuu. Kuna bingwa, aliyeongeza masomo juu ya hapo, kwa mfano wa upasuaji wa kinywa na taya. Na kuna tabibu meno kama mimi, mwenye stashahada. Wengi wetu tumetokea vyuo vya Tanga na Mbeya. Hospitali nyingi za halmashauri na vituo vya afya huku vinatutegemea sisi. Kazi yangu ni kupima kinywa, kung'oa meno ya kawaida, kuziba matundu yasiyofika kwenye mshipa, kusafisha ugaga, na kutoa elimu shuleni na kliniki ya watoto. Gego la mwisho lililolala ndani ya mfupa, taya lililovunjika kwenye ajali ya bodaboda, uvimbe usioeleweka, hayo wajibu wangu ni kuyatambua na kuandika rufaa haraka. Nikijaribu kuyafanya mwenyewe nimevunja mipaka ya kada yangu.

Sote tunasimamiwa na Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017, na Baraza la Madaktari Tanganyika ndilo linalotusajili na linaloweza kutuita tujieleze. Nawaambia haya ili mjue kwamba mtu aliyekung'oa jino ana jina, ana namba ya usajili, na kuna chombo anachokiogopa.

Sasa wajibu. Mgonjwa akikaa kwenye kiti natakiwa nimuulize historia yake kabla ya kushika koleo. Ana presha? Kisukari? Anatumia dawa za kuyeyusha damu? Ana mimba? Amewahi kudhurika na sindano ya ganzi? Kisha nimuangalie kinywa kizima, siyo jino analolinyooshea kidole peke yake. Kisha nimwambie nilichokiona, njia zilizopo za kutibu, faida na madhara ya kila njia, NA BEI YA KILA NJIA. Akikubali ndipo naanza. Kwa mtoto, anayekubali ni mzazi au mlezi baada ya kuelezwa. Nikimaliza naandika kwenye faili jino namba ngapi, ganzi kiasi gani, nimefanya nini, na namweleza jinsi ya kuuma gozi (kile kitambaa cha kuzuia damu), lini arudi, na dalili zipi zikitokea arudi usiku huohuo.

Mleta mada, jino la pili la mama mkwe wako lilipaswa kuzungumzwa kwanza. Huenda kweli lilikuwa limekwisha, ufizi ukishaoza jino halina pa kushika. Hata hivyo lilikuwa jino lake. Hilo halina mjadala.

Kuhusu yule mtoto wa miaka tisa, imeniuma. Hapa niseme kinachotokea, siyo kumtetea mtu. Kituo kina koleo na ganzi, hakina dawa ya kuzibia. Au ipo, ila taa ya kugandishia imekufa. Au foleni nje ni watu arobaini na mtabibu ni mmoja. Kung'oa kunachukua dakika chache, kuziba vizuri ni nusu saa na zaidi. Basi mtu anang'oa. Lakini hata kituo kikiwa hakina kitu, bado mtabibu anadaiwa sentensi moja: "Mama, hili linazibika, hapa hatuna dawa, ukienda hospitali fulani wanayo." Sentensi hiyo haigharimu serikali chochote na haihitaji kifaa.

---

Mwanaujiji

Daktari shusha nondo, tumetulia. Na ganzi ya elfu ishirini je?

---

Tabibu wa Ziwani

Naja kwenye hilo.

Vifaa vinatoka Bohari ya Dawa ya serikali, kanda ya Tabora ndiyo inayotuhudumia. Ganzi ikikosekana bohari, kituo kinapata uthibitisho wa kukosekana na kinaruhusiwa kununua kwa mshitiri wa mkoa (muuzaji binafsi aliyeidhinishwa), kwa fedha zilizomo kwenye akaunti ya kituo. Kwa hiyo mwenye wajibu wa kuhangaikia ganzi ni kituo. Pale inapotokea kweli haipo na mgonjwa ana maumivu, kinachoruhusiwa ni kumwandikia cheti akanunue duka la dawa analolitaka mwenyewe, aje na kichupa chake tukifungue mbele yake. Mtabibu kupokea pesa mkononi ndani ya chumba cha tiba si utaratibu wa mahali popote. Awe na ganzi mfukoni, awe hana.

Hospitali ya serikali unalipia dirishani au kwa namba ya malipo, ile ya tarakimu kumi na mbili inayoanza na 99, unalipa kwa simu au benki. Ukishalipa mfumo unaonyesha na unapewa stakabadhi. Nami chumbani napokea karatasi, sipokei noti.

---

Mjomba Nzega

Niko jirani zenu Tabora, naomba nipingane kidogo na upepo wa uzi. Nyinyi mnaongea kama vile kuchangia matibabu ni dhambi. Baada ya Azimio la Arusha tulitibiwa bure, hospitali binafsi za biashara zikapigwa marufuku mwaka 1977, na mwisho wake tulifika mahali unaingia hospitali hakuna hata panadoli. Serikali yenyewe ikakubali: 1991 ikaruhusu tena hospitali binafsi, 1993 ikaanza uchangiaji kwenye hospitali kubwa na kushuka chini taratibu. Na huku kwetu Igunga ndiko Mfuko wa Afya ya Jamii ulikojaribiwa kwanza mwaka 1996, kabla sheria yake haijatungwa 2001. Wanyamwezi na Wasukuma wa Igunga walilipa kwa kaya, baada ya mavuno, na dawa zikaonekana zahanati. Nimeyaona kwa macho yangu nikiwa kijana.

Hospitali bila pesa ni jengo tu. Mtu akitoa elfu kumi ya jino, akatibiwa, akapona, tatizo liko wapi? Mnataka mtabibu anunue ganzi kwa mshahara wake?

---

Mtoto wa Gungu (mleta mada)

Shikamoo mjomba. Sipingi kuchangia hata kidogo, na historia ya Igunga naiheshimu. Soma tena nilichoandika: hoja yangu ni ile elfu ishirini isiyo na karatasi. Kule Igunga mliposema dawa zikaonekana, zilionekana kwa sababu pesa iliingia mfukoni mwa kituo na ikahesabika. Elfu ishirini ya mama mkwe wangu haikuingia kituoni. Haitanunua ganzi ya mgonjwa wa kesho, haitatengeneza taa iliyokufa ya kina Tabibu wa Ziwani. Mkiulizwa kwenye kikao cha bodi kwa nini kitengo cha meno hakizalishi, mtasema wagonjwa hawalipi, wakati wagonjwa wanalipa kila siku.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba yule ni mzee. Alikuwa ameshapita dirisha la msamaha.

---

Mjomba Nzega

Marahaba. Hapo nimekuelewa, na hapo tuko pamoja. Pesa ya chumbani ni rushwa, iitwe ganzi au iitwe pamba.

---

Dada wa Ustawi

Kazi yangu ni ustawi wa jamii hospitalini, naomba niongeze upande wa msamaha maana nimeona unachanganywa.

Sera ya Afya ya 2007 imetaja makundi yanayotibiwa bila malipo: watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na wenye magonjwa sugu yaliyoainishwa kama kifua kikuu. Hao ni kwa kundi. Halafu kuna wa aina ya pili: mtu yeyote, hata kijana wa miaka thelathini, ambaye hana uwezo wa kulipa siku hiyo. Huyo anakuja ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, tunamhoji, tunaandika, anasamehewa yote au sehemu. Barua ya serikali ya mtaa au kijiji inasaidia sana. Kwa wagonjwa wa dharura tunaanza na matibabu, barua inafuata.

Angalieni hilo neno "wasio na uwezo" kwa wazee. Kuna vituo wanamtaka mzee aonyeshe kitambulisho cha matibabu ya wazee kinachotolewa na halmashauri. Kama mzazi wako hana, nenda kwa mtendaji wa kata sasa hivi akiwa mzima, usisubiri shavu livimbe. Nimeona wazee wanakalishwa kwenye benchi saa nzima kwa kukosa kile kikadi, na maumivu ya jino nyote mnayajua.

Na msamaha haukomi mlango wa chumba cha meno! Hili linanisumbua sana kazini. Mgonjwa ameshaandikwa msamaha, faili lina muhuri, akifika kitengo anaanza kudaiwa upya vipande vipande, glovu, ganzi, gozi. Mgonjwa akikutana na hilo asilipe na asigombane. Atoke arudi kwetu na faili lake. Ni kazi yetu kuinuka kwenye kiti na kwenda naye hadi chumbani. Tunapokaa ofisini tukisubiri wagonjwa watutafute, nasi tunachangia wao kuumizwa.

---

Buhigwe Juu

Nafuatilia kwa karibu. Mada muhimu sana hii.

---

Mha wa Leeds

Salamu kutoka baridi. Mimi mzaliwa wa Manyovu, naishi Uingereza, nimewahi kuwa msaidizi katika kliniki ya meno huku England. Naomba nieleze wenzetu wanavyopanga, siyo kwa kujisifu, maana nao wana matatizo yao makubwa.

Huduma yao ya taifa ya afya ilipoanza Julai 1948 meno yalitibiwa bure. Watu walifurika hadi bajeti ikapasuka. Mwaka 1951 serikali ikaamua kutoza meno ya bandia na miwani, na Aneurin Bevan, yuleyule aliyeianzisha huduma, akajiuzulu uwaziri kwa hasira. Tangu miaka hiyo tiba ya meno huku haijawahi kuwa bure kwa mtu mzima wa kawaida. Kwa hiyo mjomba wa Nzega asione ni Tanzania tu.

Ila namna ya kutoza ndiyo ninayotaka muione. Hawatozi kwa jino wala kwa sindano. Kuna ngazi tatu za malipo nchi nzima ya England. Kwa mwaka 2025/26 ya kwanza ni pauni 27.40: uchunguzi, picha ya eksirei, kusafisha ikihitajika kitabibu, na dharura zote. Ya pili ni pauni 75.30: kuziba, tiba ya mzizi, kung'oa. Ya tatu ni pauni 326.70: meno ya bandia, vifuniko na madaraja. Ukizibwa jino moja au matano katika tiba hiyohiyo, unalipa mara moja tu, ngazi ya juu uliyofikia. Ganzi, glovu, gozi, vyote vimo humo, hakuna anayekutajia.

Wa chini ya miaka 18 halipi. Mjamzito halipi, na anaendelea kutolipa hadi miezi kumi na miwili baada ya kujifungua. Kabla ya tiba ya ngazi ya pili na ya tatu daktari anakupa mpango wa tiba kwa maandishi, una bei, na kama kuna kitu anataka kukufanyia kwa malipo binafsi lazima kiandikwe pembeni kionekane. Haruhusiwi kukudanganya kwamba huduma ya umma haina tiba fulani ili akuhamishie upande wa kulipia. Na kazi aliyokuzibia ikiharibika ndani ya miezi kumi na miwili, kwa kawaida anairudia bila kukutoza.

Upande mbaya: kumpata daktari wa meno anayepokea wagonjwa wapya wa huduma ya umma ni shida kubwa. Februari 2024 kliniki moja ilipofunguliwa Bristol watu walipanga foleni mitaani hadi polisi wakaja kusimamia. Kanuni nzuri kwenye karatasi haizalishi daktari.

---

Kasulu Mjini

Ndugu yetu wa Leeds ahsante. Hiyo ya kuandika mpango wa tiba na bei kabla hujafungua mdomo, hiyo naitaka hapa kesho asubuhi. Haihitaji bajeti ya Uingereza. Karatasi na kalamu tunazo.

---

Tabibu wa Ziwani

Nakubaliana na Kasulu Mjini. Na ile ya "bei moja yenye kila kitu ndani" nayo inawezekana. Viwango vya hospitali zetu za halmashauri vinapitishwa ngazi ya halmashauri, hospitali ya rufaa ya mkoa ina vyake. Kwa hiyo madiwani wakitaka waandike "kung'oa jino, shilingi kadhaa, pamoja na ganzi, glovu na gozi", yanaisha. Tatizo bei ya meno ikipitishwa huwa imeandikwa neno "kung'oa" peke yake, halafu kila mwenye tamaa anajaza yaliyobaki.

Dhamana ya kazi ni ngumu zaidi. Jino nililoziba likibanduka baada ya wiki mbili huenda nilifanya vibaya, nilifunga kabla halijakauka. Huenda pia mgonjwa alitafuna muwa siku ileile. Mimi binafsi akirudi mapema namzibia tena bila kumpeleka dirishani, na mfawidhi wangu, msimamizi wa kituo, anajua. Lakini sijaona kanuni hiyo ikibandikwa ukutani kwenye kituo chochote nilichofanyia kazi, na ningependa ibandikwe, maana wema wa mtu mmoja ukihamishwa wilaya unaondoka naye.

---

Fundi Bima

Kwa wenye bima. Mkiwa na kadi ya NHIF, ule mfuko wa taifa wa bima ya afya, uchunguzi, kung'oa na kuziba vimo. Mtakachokifanya ni kusoma fomu kabla ya kusaini. Fomu ile ndiyo hospitali inayodaia pesa. Umeng'olewa jino moja, fomu imeandikwa mawili na eksirei ambayo hukupigwa, wewe unasaini kwa haraka kwa sababu mdomo una ganzi. Huo ni wizi, na umesaini wewe.

Wenye CHF iliyoboreshwa (Mfuko wa Afya ya Jamii), ile ya sh 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, inaanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, lakini kwa kufuata ngazi. Ukiruka kituo chako ukaenda moja kwa moja Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wetu, bila barua ya rufaa, dirishani utaambiwa ulipe taslimu, na mhudumu wa dirishani hajakosea.

Na mwenye kadi yoyote, ukidaiwa "nyongeza ya mkononi" uliza kwanza: nyongeza ya nini, na inaandikwa wapi?

---

Bangwe Pwani

Hakuna aliyegusa donda lenyewe. Mnaambiwa "hapa hatuna dawa ya kuziba, njoo jioni kliniki yangu". Mimi nimeambiwa. Nikaenda. Nikamkuta yeye yuleyule, na nina hakika kabisa kopo la dawa ya kuzibia lilikuwa na nembo ya Bohari ya Dawa. Nililipa mara sita ya bei ya hospitali.

---

Tabibu wa Ziwani

Bangwe Pwani, pole sana ndugu yangu. Mtumishi wa umma kufanya kazi kliniki binafsi baada ya saa za kazi si kosa kwa yenyewe, akiwa na kibali. Kosa ni kumgeuza mgonjwa wa serikali kuwa mteja wake. Maadili ya utumishi wa umma yanakataza mtumishi kutumia nafasi yake kujinufaisha, na kumficha mgonjwa huduma iliyopo ili umuuzie jioni ni hilo hasa. Na kama kopo lile lilikuwa la serikali, huo ni wizi wa mali ya umma, tuuite hivyo.

Nasema haya nikijua wenzangu wananisoma. Mtabibu wa namna hiyo anatuchafua sote tunaoamka alfajiri kuchemsha vifaa.

---

Mzee wa Mwandiga

Wanangu, nimekuwa kwenye kamati ya usimamizi wa kituo cha afya. Mnalalamika vizuri ila mnalalamika pasipofaa. Malalamiko yana mahali pake.

Anza na mganga mfawidhi wa hospitali hiyohiyo, siku hiyohiyo, kabla hujafika nyumbani. Mengi yanaishia hapo. Usiposikilizwa, kama ni zahanati, kituo cha afya au hospitali ya halmashauri, nenda kwa Mganga Mkuu wa halmashauri, naye ana mratibu wa huduma za kinywa na meno chini yake. Juu yake yuko mkurugenzi, na kuna bodi ya huduma za afya ya halmashauri ambayo ndani yake wamo wananchi. Kama ni hospitali ya rufaa ya mkoa, msipoteze muda kwa mkurugenzi wa halmashauri. Hospitali hizo tangu mwishoni mwa 2017 ziko chini ya Wizara ya Afya, siyo TAMISEMI inayosimamia halmashauri. Pale mnakwenda kwa mfawidhi wake, kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, au mnapiga 199 ya Wizara, ni bure.

Pesa ya mkononi ni suala la TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, nayo bure. Piga KABLA hujatoa ikiwezekana, wao wana namna ya kushughulika.

Kosa la kitabibu, jino lisilo lenyewe kung'olewa, taya kuvunjwa, mgonjwa kutokwa na damu akaachwa, andika kwa Baraza la Madaktari. Andika tarehe, saa, chumba, jina lililo kwenye beji, ulichofanyiwa na ulichoambiwa. Ambatisha nakala ya faili na stakabadhi. Malalamiko ya "walinionea tu" hayafiki popote, nimeyaona yakitupwa kabatini.

---

Mtoto wa Gungu (mleta mada)

Mrejesho, wakuu.

Nimekwenda kwa mganga mfawidhi na mama mkwe mwenyewe, tukiwa na faili lenye muhuri wa msamaha. Nilimwomba dada wa ustawi wa pale aingie nasi, kama mdada alivyoshauri humu. Mfawidhi hakunifokea. Alimwita mhusika, akamuuliza mbele yetu fedha ile iliingizwa wapi. Kimya. Akamuuliza ganzi iliyotumika siku ile ilitoka wapi. Akaletewa daftari la stoo ya kitengo: ganzi ilikuwepo.

Fedha imerudishwa, kupitia ofisi, na mama amesaini. Suala la nidhamu ameandika barua kwa ngazi ya juu na nimeonyeshwa nakala. Nilichoshikilia zaidi ni bei ya meno ibandikwe mlangoni mwa chumba, ikiwa na ganzi ndani yake, na maneno "usimlipe mtu yeyote ndani ya chumba hiki". Amesema atapeleka kwenye kikao cha uongozi. Nimemwambia nitarudi kuangalia mlango, na nitarudi.

La jino la pili alimuomba mama radhi. Mama alisema ameshasamehe, ila aliuliza swali moja: na wale wasiokuwa na mkwe mjini? Hakuna aliyemjibu.

---

Mwanaujiji

Hongera sana mkuu. Na yule mtoto wa miaka tisa?

---

Mtoto wa Gungu (mleta mada)

Jino halirudi. Mama yake nimemshauri ampeleke yakaguliwe magego mengine matatu ya utu uzima, Tabibu wa Ziwani amenielekeza pa kwenda faragha.

---

Binti wa Kalya

Samahanini naingia mwishoni. Nina mimba ya miezi mitano, gego linaniuma usiku kucha. Huku naambiwa na wakubwa nisubiri nijifungue kwanza, sindano ya ganzi itaua mtoto. Na nikija Kigoma kwa boti nitadaiwa au nitatibiwa bure? Sina hela ya kubahatisha.

---

Tabibu wa Ziwani

Mdogo wangu, usisubiri. Miezi minne hadi sita ndiyo kipindi kizuri zaidi cha kutibu meno ya mjamzito, baadaye kulala kwenye kiti kutakuchosha. Ganzi tunayotumia kwa kawaida, lignokaini, haidhuru mtoto ikitolewa kwa kipimo. Usaha unaoachwa ukusanyike kwenye taya ndio hatari kwako na kwake. Kama kutahitajika kuziba, mwambie mtabibu una mimba ili asitumie ile dawa ya rangi ya fedha yenye zebaki. Mkataba wa kimataifa wa Minamata unataka isitumike kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka 15. Zipo nyeupe.

Anzia kituo cha karibu na kwenu, upimwe presha na joto, upewe dawa ya kutuliza na barua ya rufaa. Kama una homa, umevimba hadi shingoni, au huwezi kufungua mdomo, waambie palepale, maana hapo ni dharura.

Malipo: njoo na kadi ya kliniki ya wajawazito na uionyeshe dirishani KABLA ya kufika chumba cha meno. Kuna wahudumu watakaokwambia msamaha wa mjamzito ni wa uzazi tu, jino halimo. Usibishane nao na usilipe. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ilipo, uwaeleze huna uwezo, waandike kwenye faili.

---

Dada wa Ustawi

Binti wa Kalya, nitumie ujumbe faragha uniambie boti yako inafika siku gani Kibirizi. Nitakuelekeza ofisi ya kuanzia, na kama ni zamu yangu nitakupokea mwenyewe.